Vijiumbe na Madini ya Mfinyanzi: Tatizo la Kitenzi katika Maelezo ya Kisayansi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa mapema kwamba udongo uko wa aina tatu: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Hufundishwa pia kwamba udongo hutokana na miamba iliyovunjwavunjwa na jua, mvua na upepo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanawaacha nje watendaji wengine, nao ni viumbehai wasioonekana kwa macho. Kuanzia miaka ya 1970, na hasa tangu miaka ya 1990, wataalamu wa udongo na wa miamba wamekusanya ushahidi kwamba bakteria na kuvu wanashiriki katika kuzaliwa na kugeuka kwa madini yanayoufanya udongo wa mfinyanzi unate, uvimbe na ufinyangike.

Makala haya yana makusudi mawili. Kusudi la kwanza ni kueleza kwa Kiswahili namna vijiumbe vinavyoshiriki katika kazi hiyo. Kusudi la pili ni kuonyesha kwamba ugumu wa kuieleza elimu hii hauko katika nomino tu. Orodha za istilahi, kwa kawaida, ni orodha za nomino. Mtu akishapata neno la kuita bakteria, fuwele na elektroni, huhesabu kwamba kazi imekwisha. Hoja ya makala haya ni kwamba katika suala hili kitenzi ndicho kinachobeba dai la kisayansi. Kusema kwamba bakteria "huunda" mfinyanzi, kwamba mfinyanzi "huundika" penye bakteria, na kwamba bakteria "hugeuza" mfinyanzi, ni kutoa madai matatu yanayohitaji ushahidi wa aina tatu. Mwandishi asiyetofautisha vitenzi hivyo atamfundisha mwanafunzi jambo ambalo maabara haijalithibitisha.

2.0 Maana ya maneno ya msingi

Neno "vijiumbe" limetumika hapa kwa maana ya viumbehai vinavyohitaji hadubini ili vionekane: bakteria, kuvu na baadhi ya miani. Neno "vijidudu" limeepukwa kwa sababu katika matumizi ya kila siku limeshikamana mno na maradhi, na vijiumbe vinavyozungumziwa hapa si vya kumwuguza mtu.

Inafaa pia kutenganisha "udongo wa mfinyanzi" na "madini ya mfinyanzi". Udongo wa mfinyanzi ni mchanganyiko: ndani yake mna chembe za mawe, mabaki ya mimea, maji na hewa. Madini ya mfinyanzi ni fuwele maalumu zilizomo katika mchanganyiko huo, ambazo kwa kawaida chembe zake hazifiki milimita 0.002. Fuwele hizo zimepangwa kwa matabaka, mfano wa kurasa za kitabu. Kila tabaka lina karatasi za aina mbili: karatasi ya silika, yaani silikoni iliyozungukwa na oksijeni, na karatasi ambayo mara nyingi ina alumini, chuma au magnesi.

Tofauti ya madini hayo hutokana na mpango wa karatasi. Katika kaolinaiti, ambayo ndiyo madini makuu ya udongo mweupe wa Pugu karibu na Dar es Salaam, karatasi moja ya silika hushikana na moja ya alumini, na unene wa tabaka ni kama nanomita 0.7. Katika smektaiti na ilaiti, karatasi mbili za silika huibana karatasi moja katikati. Matabaka ya smektaiti hushikana kwa ulegevu, hivyo maji huingia kati yake na udongo huvimba. Matabaka ya ilaiti yamefungwa kwa potasiamu, hivyo hayavimbi, na unene wake ni nanomita 1.0. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomfanya mkulima wa mbuga aone shamba lake likipasuka wakati wa kiangazi na kumnasa miguu wakati wa masika, kwa maana udongo mweusi wa mbuga una smektaiti nyingi.

3.0 Njia tatu za ushiriki wa vijiumbe

3.1 Kuchakaza mwamba

Madini mengi ya mfinyanzi huanzia katika madini mengine, kama vile feldispa na mika, yanapochakaa kwa maji. Maji peke yake hufanya kazi hiyo polepole. Vijiumbe huiharakisha kwa kutoa asidi za kikaboni, kwa mfano asidi oksaliki, ambazo huishika alumini na chuma na kuvitoa katika fuwele. Baadhi ya bakteria na kuvu hutoa pia molekuli maalumu za kutafutia chuma, kwa kuwa chuma ni chakula cha lazima na hakipatikani kwa urahisi katika maji yenye oksijeni. Silika na alumini zilizoachiliwa hivyo ndizo mali ghafi ya mfinyanzi mpya.

Jongmans na wenzake (1997) walionyesha mifereji myembamba, yenye kipenyo cha maikromita 3 hadi 10, iliyotobolewa ndani ya chembe za feldispa katika udongo wa misitu ya misonobari ya Ulaya. Walieleza kwamba mifereji hiyo ni njia za kuvu zinazoishi na mizizi ya miti. Picha hizo zilivutia sana, na kuvu hizo zikapewa sifa ya kula mawe. Lakini Smits na wenzake (2005) walipopima kiasi cha feldispa kilichoondolewa kwa mifereji hiyo, walikuta hakifiki asilimia 1 ya feldispa yote iliyochakaa katika udongo waliouchunguza. Kuna funzo hapa. Kuonekana kwa alama ya kijiumbe juu ya jiwe kunathibitisha kwamba kijiumbe kilifanya kazi, ila hakuthibitishi kwamba kazi hiyo ilikuwa kubwa. Ikumbukwe pia kwamba kipimo hicho kilihusu mifereji tu. Asidi inayotolewa na kuvu juu ya uso wa jiwe huyeyusha bila kuacha mfereji.

3.2 Kuwa mahali pa kuanzia

Njia ya pili haihitaji kijiumbe kufanya juhudi yoyote. Ukuta wa seli ya bakteria una vikundi vya kikaboni na vya fosfati vyenye chaji hasi. Chaji hiyo huzivuta ioni za metali zilizoyeyuka majini, hasa chuma na alumini. Ioni hizo zikishanata ukutani, huwa daraja la kuishika silika. Silika, chuma na alumini vikikutana hapo, huanza kufanya punje laini sana zenye mchanganyiko unaokaribiana na wa madini ya mfinyanzi. Kazi za Beveridge na Murray kuhusu kuta za Bacillus subtilis, zilizochapishwa kuanzia mwaka 1976, ziliweka msingi wa elimu hii. Jambo muhimu ni kwamba walitumia kuta zilizokwisha kutengwa na seli. Ukuta usio na uhai uliendelea kuzikamata metali.

Swali lililofuata lilikuwa kama jambo hilo hutokea nje ya maabara. Konhauser na wenzake (1993) walichunguza bakteria wanaoota juu ya mawe katika mito miwili ya Brazili. Katika Rio Solimões, ambao maji yake yamejaa mashapo, bakteria walikuwa wamefunikwa kabisa kwa madini laini. Katika Rio Negro, ambao maji yake yana vitu vichache vilivyoyeyuka, madini juu ya bakteria yalikuwa haba. Miaka sita baadaye, Konhauser na Urrutia (1999) walitoa hoja kwamba kuota kwa madini ya namna hiyo juu ya bakteria ni jambo la kawaida katika mito mingi.

Ulinganisho wa mito hiyo miwili una uzito kuliko picha yoyote moja. Pande zote mbili bakteria walikuwapo, na pande zote mbili kuta zao zilikuwa tayari kupokea. Kilichotofautiana ni maji. Kwa hiyo bakteria ni mahali pa kuanzia, lakini mali inatoka mtoni. Isitoshe, punje nyingi za namna hiyo mwanzoni hazina mpango kamili wa fuwele. Zinahitaji muda ili ziwe madini ya mfinyanzi kwa maana kamili ya neno hilo.

3.3 Kugeuza madini yaliyopo

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta mshtuko mkubwa zaidi. Kiumbe anapopumua huhamisha elektroni kutoka katika chakula na kuzikabidhi kwa kitu kingine. Binadamu huzikabidhi kwa oksijeni. Mahali pasipo na oksijeni, kama vile ndani ya tope, wapo bakteria wanaozikabidhi kwa chuma. Stucki na wenzake (1987) walionyesha kwamba vijiumbe vinaweza kuvipa elektroni hata vyuma vilivyomo ndani ya fuwele ya smektaiti. Kostka na wenzake (1996) walithibitisha jambo hilo kwa bakteria wa aina moja tu, aitwaye sasa Shewanella oneidensis, ambaye asili yake ni mashapo ya Ziwa Oneida katika jimbo la New York.

Chuma kikipokea elektroni, chaji ya fuwele nzima hubadilika. Tabaka huwa na chaji hasi zaidi, huyavuta matabaka mengine na ioni zilizo kati yake kwa nguvu zaidi, na uvimbaji hupungua. Sehemu ya fuwele huweza kuyeyuka, na potasiamu ikiwapo, ilaiti hupata nafasi ya kutokea.

Kim na wenzake (2004) waliweka bakteria huyo pamoja na nontronaiti, ambayo ni smektaiti yenye chuma kingi. Katika halijoto ya chumbani na kanieneo ya kawaida ya hewa, ilaiti ilitokea ndani ya siku 14. Pasipo vijiumbe, mageuko hayo kwa kawaida huhitaji nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi, kanieneo ya megapaskali 100, na miezi 4 hadi 5.

Matokeo hayo si udadisi wa maabara tu. Watafutaji wa mafuta hutumia uwiano wa smektaiti na ilaiti katika mashapo kama kipimajoto cha kale: ilaiti ikiwa nyingi, hukadiria kwamba tabaka lilizama na kupata joto la kutosha kupika mafuta. Ikiwa kijiumbe kinaweza kufanya ilaiti bila joto, kipimajoto hicho kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hata hivyo jaribio lilihusu smektaiti yenye chuma kingi, na smektaiti nyingi za mabonde ya mashapo zina alumini zaidi. Haifai kulipeleka tokeo la chupa moja katika kila bonde.

4.0 Uzito wa kitenzi

Baada ya kuzitazama njia tatu, yafaa kuzipima sentensi ambazo mwandishi wa Kiswahili angeweza kuziandika.

(1) Bakteria huathiri madini ya mfinyanzi.
(2) Madini haya yameundwa na bakteria.
(3) Madini haya yameundika juu ya kuta za bakteria.
(4) Bakteria wameigeuza smektaiti kuwa ilaiti.

Sentensi (1) inaonekana salama kwa kuwa haidai mengi, lakini kitenzi "athiri" kimeelemea upande wa madhara. Walioathiriwa na mafuriko ni watu waliopata hasara. Msomaji atadhani kwamba bakteria wanauharibu mfinyanzi. Aidha, kitenzi hicho kinazifunika njia zote tatu kwa blanketi moja.

Sentensi (2) ina utata wa aina nyingine. Katika Kiswahili, "-undwa na" huweza kumtaja mtendaji, na huweza pia kutaja sehemu zinazokifanya kitu, kama isemwavyo kwamba kamati imeundwa na wajumbe saba. Kwa hiyo mtu anaweza kuielewa sentensi (2) kwa maana kwamba madini yenyewe ni mkusanyiko wa bakteria. Maana hiyo si sahihi kwa njia yoyote kati ya zile tatu.

Lugha ina dawa ya tatizo hilo. Hutenganisha mtendaji na chombo kwa viunganishi viwili: mti hukatwa na mtu kwa shoka. Katika njia ya pili, ukuta wa seli hufanya kazi hata baada ya uhai kutoka. Ukuta huo una nafasi ya shoka, hauna nafasi ya mkataji. Ni sahihi kusema kwamba punje zimepatikana kwa ukuta wa bakteria. Kusema kwamba zimefanywa na bakteria ni kumpa maiti utendaji.

Sentensi (3) inatumia kauli ya kutendeka, na kauli hiyo inafaa kwa sababu inataja tukio bila kumtaja mtendaji. Inabidi tu kuwa makini na maana zake mbili. Kiambishi -ik- huweza kuonyesha hali iliyokwisha kupatikana au uwezekano. "Yameundika" hueleza hali iliyokwisha kuonekana kwa hadubini. "Yanaundika" huweza kumaanisha kwamba yanaweza kuundwa. Mwandishi wa ripoti ya mto achague umbo la kwanza. Anayekisia alitumie la pili na kukiri kwamba anakisia.

Sentensi (4) inatumia kauli ya kutendesha: kutoka "geuka" hupatikana "geuza". Kauli hii inamtaja msababishaji waziwazi, kwa hiyo inadai ushahidi mkali zaidi. Ili kuistahili, mtafiti lazima aonyeshe kwamba mageuko hayatokei katika hali zilezile bila bakteria hai. Jaribio la mwaka 2004 linakidhi sharti hilo kwa nontronaiti. Mahali ambapo ulinganisho haujafanyika, kitenzi kinachostahili ni "imegeuka".

Njia ya kwanza nayo inastahili kauli ya kutendesha, yaani "huchakaza" na "huyeyusha", kwa kuwa asidi na mifereji vimeshuhudiwa. Hapo upungufu hauko katika kauli, uko katika kiasi, na kiasi hakisemwi na kitenzi. Kinahitaji kielezi au tarakimu.

5.0 Majaribio ya kipimo hiki

Kipimo kilichopendekezwa kinaweza kujaribiwa kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni sayari ya Mirihi. Vyombo vya angani viliitambua mifinyanzi ya huko mwaka 2005, na mwaka 2013 gari la Curiosity lilitoboa jiwe la tope katika Kreta ya Gale na kukuta smektaiti ya kama asilimia 20. Uhai haujathibitishwa huko. Kwa hiyo maji na mwamba vyatosha kuzaa mfinyanzi, na sentensi yoyote inayosema kwamba mfinyanzi ni alama ya uhai imekwisha kupingwa. Vijiumbe vinaweza kuwa msaada, si sharti.

Mfano wa pili ni Ziwa Nyasa. Müller na Förstner (1973) walieleza kuwapo kwa nontronaiti katika mashapo ya ziwa hilo, pamoja na madini mengine ya chuma. Nontronaiti ndiyo iliyotumika katika jaribio la mwaka 2004, na mtu angevutiwa kuyaunganisha mambo hayo na kusema kwamba bakteria wa Nyasa wanaifanya. Lakini kuwapo kwa madini hakusemi yalikotoka. Sentensi inayostahili ni kwamba nontronaiti imepatikana huko.

Mfano wa tatu unahusu historia ya dunia. Kennedy na wenzake (2006) walitoa hoja kwamba kuenea kwa vijiumbe nchi kavu, kabla ya kipindi cha Kambri, kuliongeza uzalishaji wa mfinyanzi. Mfinyanzi huo ulizika kaboni ya viumbe baharini, na hivyo oksijeni ikaongezeka hewani mpaka wanyama wakaweza kuishi. Tosca na wenzake (2010) waliipinga hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba rekodi ya madini ya mfinyanzi katika mashapo ya kale haiungi mkono ongezeko la namna hiyo. Katika mjadala kama huu, anayeandika "vijiumbe viliongeza mfinyanzi" amekwisha kuchukua upande. Kiswahili kina njia ya kuepuka kosa hilo, kwa kuitaja hoja na mwenye hoja, na kutumia "huenda" au "inadaiwa".

Suala hili linagusa pia shamba. Favre na wenzake (2002) walichunguza udongo wenye smektaiti kutoka bonde la Mto Senegal. Udongo huo ulipofunikwa na maji, chuma kilichomo ndani ya smektaiti kilipokea elektroni, na uwezo wa udongo wa kushika virutubisho ukaongezeka. Mbuga za mpunga za Afrika Mashariki nazo hufurika na kukauka kila mwaka. Bwana shamba atakayemweleza mkulima kwamba udongo wake "umekufa" kwa sababu umelala majini atakuwa amekosea. Ndani ya tope hilo bakteria wanapumua, na smektaiti inabadilika chaji. Lakini atakayeahidi kwamba bakteria "wataurutubisha" udongo huo atakuwa amekosea vilevile, kwa sababu chuma hicho huweza kupoteza elektroni zake maji yanapokauka na oksijeni kurudi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vijiumbe hushiriki katika maisha ya madini ya mfinyanzi kwa njia tatu: huchakaza mwamba na kutoa mali ghafi, huwa mahali ambapo madini mapya huundika, na hugeuza madini yaliyopo kwa kuyatumia katika upumuaji. Njia hizo zina ushahidi wa uzito tofauti, na hakuna hata moja inayofanya kazi bila maji yenye mali ya kutosha.

Yameonyesha pia kwamba unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili unatosha kuzitenganisha njia hizo bila kukopa. Kauli ya kutendesha ihifadhiwe kwa sababu iliyothibitishwa kwa ulinganisho. Kauli ya kutendeka kwa tukio lililoonekana. Kiunganishi "kwa" kwa ukuta uliotumika bila kutenda. Na "athiri" iachwe ikiwa maana yake haijulikani. Kamusi za istilahi zitakazoandaliwa kwa ajili ya sayansi ya udongo zingefaa kuorodhesha vitenzi pamoja na kauli zake na masharti ya kuzitumia, kama zinavyoorodhesha nomino.

Lugha yenyewe imeuita udongo huu kwa jina la fundi wake, mfinyanzi wa vyungu. Fundi huyo haumbi udongo, huukuta. Akaulowesha, akaufinyanga na kuuchoma. Vijiumbe navyo hukuta mwamba, maji na chuma. Anayefundisha elimu hii kwa Kiswahili ana wajibu wa kusema ni kipi walichokikuta na ni kipi walichokigeuza.